Jambia, hanjari, sime au kisu: neno gani litumike palipo na "dagger"

Tarehe 15 Machi 44 KK Julius Caesar, mtawala wa Roma, aliuawa kwa visu mjini humo. Baadaye Brutus, mmoja wa waliomuua, alitoa sarafu ya fedha, kati ya mwaka 43 na 42 KK, yenye picha ya visu viwili na katikati yake kofia waliyovaa watumwa walioachwa huru. Sarafu hiyo ipo hadi leo. Ukiitazama kwa makini utaona kwamba mipini ya visu vile haifanani, lakini mabapa yote mawili yamenyooka.

Mfasiri akiandika kwamba Caesar "alichomwa majambia", msomaji wa Unguja au Mombasa haoni Roma tena. Anaona chuma kilichopinda, ala yenye nakshi za fedha, mkanda mpana, joho na bwana harusi. Kosa hili hutokea mara kwa mara, kwa sababu mtu akitafuta "dagger" kwenye kamusi, jambia ndilo neno linalomjia mbele. Ni tafsiri sahihi, ila ni finyu kuliko neno inalolifasiri.

Kwa Kiingereza, "dagger" ni silaha fupi ya mkononi, yenye ncha kali na kwa kawaida makali pande zote mbili, iliyotengenezwa ili kudunga zaidi kuliko kukata. Neno halisemi kama chuma kimenyooka au kimepinda, wala halisemi anayekivaa ni nani. Kiswahili husema yote hayo kwa neno moja tu. Ndiyo maana mfasiri hana budi kujua umbo la silaha na mwenye silaha kabla hajaandika herufi ya kwanza.

Mwenye haraka aanzie hapa:

| Neno | Umbo | Kitenzi chake | Humleta nani machoni |
|---|---|---|---|
| Jambia | limepinda, kali pande mbili | huvaliwa | Myemeni, Mwomani, bwana harusi wa pwani |
| Hanjari | silaha ileile | huvaliwa, hufutwa alani | Mwomani; mashujaa wa hadithi za kale |
| Sime | imenyooka, hutanuka kuelekea nchani | hufungwa kiunoni | Mmasai, Mkikuyu, Mkamba |
| Kisu | kwa kawaida kali upande mmoja | hushikwa, hubebwa | mtu yeyote |
| Singe | nyembamba, yenye ncha | huchomekwa mdomoni mwa bunduki | askari |

Safu ya vitenzi ndiyo yenye msaada mkubwa kuliko zote. Jambia huvaliwa, kama kilemba kinavyovaliwa. Kisu hakivaliwi. Ukishindwa kuandika "amevaa" katika sentensi yako, basi neno jambia halikai hapo.

Lilikotoka neno la Kiingereza

"Dagger" linaonekana katika maandishi ya Kiingereza ya karne ya 14. Mwishoni mwa karne hiyo mshairi wa Kiingereza Chaucer alimfunga mmoja wa wahusika wake silaha hiyo ubavuni, naye akaisifu kwa urembo wake. Neno lina undugu na "dague" la Kifaransa na "daga" la Kihispania na Kiitaliano. Wapo waliodhani chanzo chake ni Dacia, nchi ya kale iliyokuwa eneo la Romania ya leo, kwamba lilimaanisha kisu cha Wadakia. Hilo ni wazo la wanaisimu, halina maandishi ya kulithibitisha, na mwandishi asilitoe kama jambo lililokwisha kuamuliwa.

Inafaa kutazama pia kila lugha ilivyoipa silaha hii jina. Wafaransa walitazama ngumi: "poignard" linatokana na "poing", yaani ngumi, na ndivyo ilivyo kwa "puñal" la Kihispania na "punhal" la Kireno. Waitaliano walipochonga silaha nyembamba kama msumari waliiita "stiletto", kutokana na kalamu ya chuma waliyoandikia Warumi. Singe, kwa majina ya Ulaya, hubeba jina la mji wa Bayonne, Ufaransa. Waarabu wao walitazama mahali pa mwili, na hapo ndipo tunapofika kwenye jambia.

Jambia na hanjari

Jambia ni "janbiya" ya Kiarabu, kutokana na "janb", yaani ubavu. Ni kitu cha ubavuni. Sauti n inapotangulia b katika Kiswahili hugeuka m, ndiyo maana "minbar" ikawa mimbari, "anbar" ikawa ambari, na "janbiya" ikawa jambia. Njia hiyohiyo ndiyo iliyotupa jambazi kutoka "janbaz" ya Kiajemi, mtu anayechezea maisha yake. Jambia na jambazi yanafanana kwa sauti tu. Asili zake ni mbili tofauti, kwa hiyo asitokee mtu akadai kwamba jambazi ni mwenye jambia.

Hanjari ni "khanjar". Kh ya Kiarabu imelainika kuwa h kama ilivyokuwa kwa khabari, khatari na khamsini. Neno hili limesafiri mbali zaidi ya jambia: Waajemi wanalo, Wahindi wanalo, na Waturuki huandika "hançer". Kwa hiyo katika maandishi ya Kiajemi au ya Kihindi neno "khanjar" halilazimiki kuwa silaha ya Oman, na mfasiri atazame picha au maelezo kabla ya kuamua.

Je, jambia na hanjari ni vitu viwili? Kwa kifaa chenyewe, hapana. Yemen husema janbiya, Oman husema khanjar, na silaha zote mbili ni za ukoo mmoja: chuma kifupi kilichopinda, kali pande zote mbili, chenye mshipa ulioinuka katikati ya bapa. Tofauti ipo kwenye mavazi na mapambo. Wayemeni wengi huivaa wima katikati ya tumbo, kwenye mkanda mpana uliotariziwa. Ajabu iliyoje, kitu kilichoitwa cha ubavuni kimehamia mbele ya kitovu na jina halikubadilika. Ala ya Kiyemeni ya watu wa makabila hupinda kama herufi J. Ile inayovaliwa na masharifu na makadhi haikupinda sana, na huinama kuelekea upande wa kulia.

Ya Oman nayo ina alama zake. Mpini umepanuka juu mithili ya herufi T. Ala imekunjwa karibu pembe mraba, imefunikwa kwa nyuzi za fedha, na imeshikwa na pete za fedha kwenye mkanda. Hanjari ya kawaida ina pete nne. Ile inayoitwa Saidi, inayonasibishwa na ukoo wa kifalme wa Al Said, ina pete saba. Mitindo mingine hubeba majina ya mahali: ya Nizwa, ya Sur, ya Batina. Hanjari juu ya panga mbili zilizopishana ndiyo nembo ya taifa, na imo kwenye bendera tangu 1970. Mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wa hanjari ya Oman katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kuna jambo moja ambalo wachoraji na waandishi wa hadithi hulikosea sana. Ala imepinda kuliko chuma kilichomo ndani. Ukichomoa jambia, unachokiona ni bapa lenye mkunjo wa wastani, si nusu duara. Ncha ya ala mara nyingi haina chuma ndani kabisa, kwa sababu chuma kilichopinda kiasi hicho kisingechomoka. Kwa hiyo sentensi kama "akachomoa jambia lililopinda kama mwezi mwandamo" imetazama ala, haikutazama silaha. Vilevile "akalificha jambia mfukoni" ni sentensi isiyowezekana, labda jambia liwe limetolewa alani na mfuko uwe mkubwa mno.

Katika pwani yetu, jambia ndilo neno lililokaa katika maisha ya kila siku. Bwana harusi wa Lamu au Unguja aliyevaa kwa desturi ana kanzu, joho, kilemba na jambia kiunoni, na watu husema jambia hata kama lenyewe limetoka Maskati na fundi wake aliliita khanjar. Katika kusini mashariki ya Unguja kuna kijiji cha Jambiani, na masimulizi ya wenyeji hulifunga jina hilo na jambia lililokutwa pale zamani. Hanjari limebaki neno la vitabuni, la ushairi na la hadithi za kale. Lina uzito wa kiungwana ambao jambia limeupoteza kwa kuzoeleka.

Ushauri wetu ni huu. Andika jambia kwa silaha ya Yemen na kwa vazi la Mswahili. Kwa nembo ya Oman, na popote ambapo msomaji atahitaji kulitambua neno lile analoliona Maskati, andika hanjari. Katika makala moja usipishanepishane maneno haya mawili ili kuepuka kurudia, kwa sababu msomaji atadhani ni silaha mbili. Na uangalie ngeli: jambia hili, majambia haya, hanjari hii, hanjari hizi.

Anayeandika kuhusu jambia la Yemen hawezi kulikwepa suala la mpini. Mipini iliyothaminiwa kuliko yote ilikuwa ya pembe ya kifaru, ile tunayoiita kipusa, kwa sababu hung'aa zaidi kadiri inavyoshikwa miaka mingi. Katika miaka ya 1970 fedha za Wayemeni waliofanya kazi Saudia zilipanda, kila kijana akataka mpini wa kipusa, na vipusa vingi vilitoka Afrika Mashariki. Kenya ilikuwa na vifaru weusi takriban 20,000 mwaka 1970, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 hawakuzidi 400. Si Yemen peke yake iliyonunua, maana soko la dawa za Asia lilikuwapo pia, lakini mpini wa jambia ulikuwa mlango mkubwa. Yemen Kaskazini ilipiga marufuku uingizaji wa vipusa mwaka 1982. Ukisoma maelezo ya jambia la zamani yakisema tu "mpini wa pembe", uliza ni pembe ya nini. Pembe ya nyati na pembe ya kifaru ni mambo mawili tofauti, kwa bei na kwa sheria.

Sime

Hapa tumetoka pwani. Sime ni chuma kilichonyooka, chembamba karibu na mpini, kinachotanuka taratibu hadi karibu na mwisho kisha kuchongoka ghafla. Makali yako pande zote mbili. Urefu wake kwa kawaida ni kati ya sentimita 40 na 60, kwa hiyo mara nyingi husimama mpakani kati ya kisu na upanga. Wamasai huiita olalem, huifunga kiunoni upande wa kulia, na ala yake ni ya ngozi iliyopakwa rangi nyekundu. Wakikuyu na Wakamba wana zao. Siku hizi fundi huchukua spring'i ya gari au panga kuukuu akalifua upya.

Umbo hilo lina maana yake katika matumizi. Uzito umekusanyika karibu na ncha, kwa hiyo sime hukata vizuri kwa kupiga, kuliko silaha yoyote nyingine tunayoilinganisha hapa. Mchungaji hukatia matawi ya boma, huchinjia, huchongea fimbo. "Dagger" ya Ulaya haifanyi kazi hizo. Anayetafsiri kisa cha Ulaya akiandika "sime" kwa sababu tu silaha ni fupi na ina makali mawili, amempa mhusika wake zana ya kufyekea. Lakini kwa upande mwingine, anayeandika habari za Narok au Monduli akisema "jambia la Kimasai" amekosea pia, na kosa lake ni zito zaidi, kwa sababu sime ina jina lake na wenye nayo wapo.

Kisu, na wakati wa kusema upanga

Neno kisu ni pana na ni la wote. Ndilo ambalo lugha yetu imelijengea misemo: kisu kimefika mfupani, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Jambia halina misemo mingi kama hiyo, kwa sababu halikuwahi kuwa jikoni.

Kwa silaha ya Mrumi iliyofungua makala haya, chaguo letu ni "kisu cha makali mawili" mara ya kwanza, kisha "kisu" hadi mwisho. Silaha yenyewe, pugio, ilikuwa na bapa la kama sentimita 18 hadi 28, pana, limenyooka. Msomaji akishaambiwa makali ni mawili, picha imekamilika na hakuna joho linalojitokeza. Jisu nalo lina nafasi yake, pale unapotaka ukubwa na kutisha, lakini likirudiwa mara tatu katika ukurasa mmoja hupoteza makali yake.

Katika habari za uhalifu usiongeze thamani ya silaha. Kijana aliyekamatwa na kisu cha jikoni ana kisu. Ukiandika jambia kwa sababu lina mshindo, umebadilisha ushahidi. Andika "kisu chenye bapa la sentimita 20", msomaji atajua. Na kitenzi: Tanzania husema kumchoma mtu kisu, Kenya husikika zaidi kumdunga kisu. Vyote viwili vinaeleweka pande zote.

Upanga nao huingia mahali ambapo hukuutarajia. Katika Waamuzi 3:16, Ehudi anatengeneza silaha ya makali mawili yenye urefu wa dhiraa, anaificha pajani chini ya nguo. Biblia ya Kiingereza ya King James iliandika "dagger". Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili waliandika upanga, na walikuwa na hoja, kwa kuwa neno la Kiebrania, "hereb", ndilo lilelile la upanga wa kawaida. Anayetafsiri kutoka Kiingereza bila kutazama asili angeandika jambia hapo, na Ehudi angepata chuma kilichopinda ambacho maandiko hayakumpa.

Silaha zenye majina yake

Keris ya Java, ambayo ikiwa na mawimbi hesabu yake huwa witiri, iachwe keris. Kirpani ya Wasikhi, ambao Waswahili wengi huwaita Kalasinga, iachwe kirpani. Kwao ni moja ya vitu vitano vya imani tangu 1699, na kuiita kisu katika habari ya gazeti ni kuwavunjia heshima majirani ambao wamekaa nasi tangu enzi za reli. Stiletto haina makali ya kukata, ina ncha tu, kwa hiyo haikati wala haichanji: inadunga. Kiatu kilichopewa jina lake tayari tunakiita mchuchumio, basi kibaki hivyo.

Pale ambapo hakuna chuma

Kiingereza hulitumia neno hili kwa mafumbo, na hapo silaha zote tulizozitaja ziwekwe chini. Mtu akimtazama mwenzake kwa "daggers", Kiswahili kina kukata jicho, na kwa bahati njema kukata kumo ndani yake. Watu walio katika uhasama wa wazi hawapikiki chungu kimoja. Mambo ya "cloak and dagger" ni mambo ya chini kwa chini, au njama. Wahispania na Wafaransa, ambao msemo huo ulitoka kwao, husema joho na upanga; Kiingereza ndicho kilichoufupisha upanga.

Katika kilimo, "dagger nematode" ni minyoo midogo ya udongo ya jenasi Xiphinema, inayodunga mizizi na kuinyonya. Bwana shamba akiambiwa "minyoo jambia" hataelewa kitu. Andika Xiphinema, kisha eleza kwamba ina sindano mdomoni.

Mwisho kuna alama †, ambayo wachapaji wa Kiingereza nayo huiita "dagger". Jina lake la kale ni la Kigiriki, "obelos", yaani kijiti cha kuchomea nyama, kwa hiyo ndugu yake wa karibu kwetu ni kijiti cha mshikaki. Wahariri wa kale wa Aleksandria walikiweka pembeni mwa mistari ya mshairi wa Kigiriki Homer waliyoitilia shaka. Leo huashiria tanbihi ya pili, baada ya kinyota, na ‡ hufuata. Katika maelekezo ya uchapaji iite "alama ya †" na uionyeshe. Kwenye Windows shikilia Alt uandike 0134, na 0135 kwa ile ya pili, kwa namba za upande wa kulia wa kibodi. Kwenye Mac ni Option na T.

Vitabu vingi vya Ulaya huiweka kabla ya mwaka wa kufariki mtu. Wasomaji wetu huiona kuwa ni msalaba. Katika orodha yenye majina ya Waislamu usiitumie kabisa: andika "alifariki", kisha mwaka.